Ubongo wa Kondoo wa Yeyo

Siku ya kwanza Tajeu alimwagia Sabina mtindi pale Kwa Mrombo, katikati ya vurugu za soko, gauni zima la kitenge likalowa. Badala ya kuomba radhi akasema, "Dada, nyeupe imekukubali."

Sabina alicheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Mwaka haujaisha akajikuta nyumbani kwa kina Tajeu, chini ya Mlima Meru, kavaa gauni jipya la bluu, mbele ya sahani ya mgeni wa heshima: ubongo wa kondoo. Mama Tajeu, ambaye wanawe humwita Yeyo, alimpakulia kwa mkono wake.

"Nimeshiba, mama," Sabina akasema. Hata chai alikuwa hajaonja!

Jioni simu ikaita.

"Umemdharau mama yangu."

"Sijamdharau, mpenzi."

"Basi ni nini?"

Sabina hakuthubutu kutaja kazi yake ya maabara. Aliogopa Yeyo asije akasikia kwamba kondoo wake wanasingiziwa ugonjwa. Tajeu akakata simu, na wiki nzima hakupiga tena. Sabina alimpenda kijana yule. Mwishowe akamtumia ujumbe: "Njoo kazini kwangu uone."

Tajeu alifika maabara amechomekea shati, amenuna. Sabina akamvika koti jeupe lililomwishia kiunoni, akamwinamisha kwenye hadubini.

"Hizo ni seli za ulinzi za ubongo wa panya. Nazikuza kwenye visahani. Kazi yake ni kula uchafu. Nazipa prioni, protini iliyojikunja vibaya, inayofanya na wenzake wajikunje hivyo hivyo mpaka ubongo unatoboka matundu, ugonjwa unaowapata hata kondoo. Nataka kujua kama seli zinaimaliza au zinaisambaza."

"Kwa hiyo kondoo wa mama..."

"Wazima kabisa! Tatizo ni mimi. Nashinda na ubongo kutwa, nikiuona kwenye sahani siwezi kuutia mdomoni. Nilishindwa kumwambia Yeyo."

Tajeu akampigia mama yake palepale, akaweka sauti ya nje, akamweleza yote. Yeyo akaangua kicheko.

"Sasa si angesema! Hata mimi siupendi. Mama mkwe alinipakulia, nikameza huku machozi yananitoka. Mwambie aje Jumapili, nitampa mbavu."

"Umesikia?" Tajeu akauliza. "Utakuja?"

"Kama mgeni?"

"Mgeni wa nini tena. Kama mchumba wangu." Akanyoosha mkono.

"Subiri, usinishike!" Sabina akavua glavu, akanawa kwa sabuni taratibu mpaka kwenye viwiko kama kazi inavyotaka, huku Tajeu amesimama mkono hewani. Kisha akampa mkono, ukiwa bado umelowa maji.