Homa katika Nyumba ya Jirani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda masomo, Joëlle aliwasha makaa, akachemsha chai na kumngojea mama yake atoke zamu. Mama Bibiane alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali moja ya Kalemie. Zamani alikuwa akifika anauliza kama vimebaki visamaki vya ndagala vya jana, anakula huku akisimulia vichekesho vya wagonjwa. Siku hizi alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu, akitazama ukuta, na chai ikapoa mbele yake.

Yote yalianza juma lililopita, jirani yao Mama Générose alipompeleka mwanawe Chérubin hospitalini. Mtoto huyo wa miaka minne alikuwa na malaria. Homa ilikuwa imemchoma siku tatu nyumbani, na alipopata degedege, watu walimwambia mama yake kwamba huo si ugonjwa wa hospitali, amngojee kwanza mganga, Papa Kyungu, arudi kutoka kuvua. Alipofikishwa, macho yalikuwa yamegeuka. Mama Bibiane alitafuta mshipa, akamchoma sindano, akampulizia pumzi. Mtoto akamfia mikononi.

Tangu siku hiyo mtaa uliwageuka. Bombani, wanawake walinyamaza Joëlle alipoweka bidoni lake la maji kwenye foleni. Mmoja alisema bila hata kushusha sauti, "Njo mutoto wa ule wa sindano, ndiye huyo." Darasani, Claire, dada yake Chérubin, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Joëlle, alihamia dawati la nyuma.

"Mama yako alimuua," alimwambia.

Asubuhi moja mama yake alisema, macho yakiwa bado ukutani, "Nitaacha kazi, Joëlle. Nitaenda kulima muhogo kwa bibi yako. Huko nikikosea, kitakachokufa ni muhogo."

"Lakini hukukosea, mama."

"Sijui tena. Mikono yangu bado inamsikia."

Joëlle alienda masomo. Jua lilikuwa kali, lakini Claire alikuja amevaa tiriko, sweta nzito ya baba yake. Alilaza kichwa juu ya dawati, midomo ikitetemeka. Joëlle alimwona. Aliinua mkono amwambie Mwalimu Wilfried, kisha akayakumbuka yale maneno ya Claire, akaushusha. "Mwache naye aone," alijisemea.

Kengele ya mwisho ilipolia, Claire alisimama, akayumba, akatapika kando ya ukuta. Wenzake walimshika wakampeleka kwao. Joëlle alipouona ule uso wa kijivu, hasira ilimtoka yote, ikabaki hofu. Alikimbia nyumbani.

Mama yake alikuwa amelala chali, macho wazi.

"Mama, Claire ana homa! Kama ya Chérubin!"

Mama Bibiane hakuinuka. "Hawatanifungulia mlango," alisema. Kisha akaketi, akatafuta viatu vyake.

Mama Générose aliwakuta wakiingia uani, akasimama mlangoni kuwazuia. "Umekuja kuchukua na huyu?"

Mama Bibiane hakurudi nyuma. "Nitukane, Mama Claire. Nitukane njia yote mpaka hospitali. Lakini twende sasa."

Ndani, Claire aliguna. Mama Générose aligeuka, akamtazama binti yake juu ya mkeka, na nguvu za kugombana zikamwisha. Alijifunga kikwembe kiunoni, akambeba. Walipanda pikipiki mbili.

Hospitalini damu ilipimwa, ikaonekana ni malaria. Mama Bibiane alimtundikia Claire chupa ya serumu, akamchoma dawa. "Joëlle, wewe unasoma naye. Alianza kutetemeka lini?"

Joëlle angeweza kusema adhuhuri, na hakuna ambaye angejua. "Asubuhi, mama. Nilimwona, nikanyamaza. Kwa sababu alikusema vibaya."

Mama yake alimtazama, kisha akairudia serumu.

Wakati huohuo waliingiza mtu aliyegongwa na lori. Mama Bibiane alimkimbilia. Joëlle alimwona akikandamiza kidonda kwa mikono miwili, akiita daktari, akimwita yule mtu kwa jina. Baadaye alimwona akimfunika uso kwa shuka. Alinawa, akarudi kwa Claire, mkono wa bluzi ukiwa bado na damu.

Jioni homa ilishuka. Claire alifumbua macho akaomba maji. Hapo Mama Générose alilia kwa uchungu, si kwa furaha. "Na Chérubin... ningemleta siku ya kwanza..." Hakuweza kumaliza. Mama Bibiane aliketi kando yake, akamshika bega.

Njiani kurudi Joëlle aliuliza, "Utaacha kazi, mama?"

"Kesho niko zamu." Walitembea kidogo. "Leo nimempoteza mmoja, mmoja amebaki. Siku nyingine habaki hata mmoja, na bado lazima kuwe na mtu pale. Lakini sisi wa hospitali tunahangaika bure kama nyinyi wa nyumbani mmekwisha kuchelewa. Mwili wa mtoto ukichemka, mseme siku hiyohiyo, hata kama ni mtoto wa mtu anayekutukana. Hasira yako ingepoa ifikapo Jumamosi, Joëlle. Claire asingekuwepo umwambie kwamba imepoa."

Joëlle alianza kulia. Mama yake hakumnyamazisha. Alimshika mkono, wakaendelea kutembea.