Mahameli ya Bibie

Mwanakhamisi alikuwa kwenye baraza la fundi cherehani sokoni Mbeya, akingoja gauni lake la maua likatwe, mara kijana mwenye ovaroli iliyolowa mafuta ya gari akainama miguuni pake na kuanza kuokota vipande vya kitambaa.

"We kaka! Umepoteza nini hapo chini?"

"Sijapoteza, dada. Nimepata."

Ndiye Mrisho, fundi wa magari. Jioni akitoka gereji alijisugua mikono hadi mafuta yote yatoke, akakaa kushona kwa mkono mfarishi wa vipande wa kutandika kitandani, kwa raha yake tu. Mwanakhamisi alicheka. Lakini alipouona mfarishi wenyewe, kicheko kilimwisha, na moyo ukaondoka naye.

Mama yake Mrisho aliona aibu. Mzee Othmani, baba yake Mwanakhamisi, alikuja juu kabisa. "Mwanamume mzima anaokota matambara! Watu waseme binti yangu analalia viraka?"

Masika ya mwaka hamsini na sita Mrisho alihamia gereji ya Iringa. Haukupita muda, Mwanakhamisi akamkumbuka sana shangazi yake aliyekuwa akiishi huko. Alipofika, yeye na shangazi walikwenda kumjulia hali Mrisho, naye akawatandikia mfarishi wake mpya barazani. Katikati uling'aa urujuani.

"Hii mahameli ya nani?"

"Ya Bibie, jirani. Ni gauni lake la zamani."

"Alilivulia wapi?"

"Mwanakhamisi!"

"Nimekuuliza, alilivulia wapi?"

Mrisho akacheka. Kicheko kile kilimponza. Mwanakhamisi alijifunga buibui lake akaondoka, shangazi akimfuata mbio.

Asubuhi akabisha kwa Bibie. Mlango ulifunguliwa na mjane mwenye macho ya wanja, mzuri kuliko alivyohofia.

"Kumbe ndiye wewe," Bibie alisema. "Mwenzangu, nilimkaribisha chai, akakataa. Nilijifukiza udi, nikavaa nikavalika. Akasimama pale mlangoni kama askari, akaniuliza kama ninacho pia kitambaa cha kijani."

"Ulijifukiza udi?"

"Sikujua ana mtu. Alipokutaja nikaacha."

Mwanakhamisi alitamani kumpiga kofi, akatamani pia kucheka. Akaaga.

Alimkuta Mrisho barazani, wembe mkononi, akifumua mahameli. Katikati ya mfarishi pamebaki tundu, na kingo zimeanza kuchanika.

"Unafanya nini? Utaharibika wote!"

"Bora uharibike huu," Mrisho alisema bila kuinua macho. "Nimeushona mwaka mzima, tangu Mbeya. Lakini sikulala, Mwana. Sikulala kabisa."

Mwanakhamisi akampokonya wembe, akaketi kando yake, akachukua sindano.

"Kirudishe kipande mahali pake. Ila kuanzia leo, vitambaa vya wanawake nitakwenda kuomba mimi."

"Na baba yako?"

"Baba niachie mimi. Wewe mtume mshenga." Akavuta uzi ukakaza. "Na asipite kwa Bibie."