Paka Aliyeachwa na Mek Nab

Unywele ulikuwa mrefu kuliko paka mwenyewe. Zawiya kamkalisha kwenye karai la maji ya vuguvugu na ndimu, pale ngazi ya jikoni, nyumbani kwa wakwe zake, Pasir Mas, anamchana mgongo. Kitana kikatoka na unywele mmoja mweupe, akauvuta, ukaja, ukaja, mpaka begani. Unanuka tambuu na mafuta ya nazi yaliyochacha, kama kichwa cha mtu mzima kisichooshwa.

"Mama, hebu njoo uone. Haya ni manyoya ya paka kweli?"

Mama mkwe wake, Mek Teh, anamenya vitunguu, hata macho hainui. "Chana tu, mwanangu. Si ulimpokea mwenyewe?"

Kweli alimpokea. Mek Nab, mdogo wake Mek Teh, roho iligoma kutoka. Hali, hanywi, hafi. Wakang'oa ubao wa paa, kama inavyofanywa kwa mtu anayefuga jini, roho ipate njia. Wapi! Ndipo Mek Nab akamwinua paka wake kifuani, anamsogezea kila aliyekaa pale: "Utapokea?" Wenyeji wote wakainamia mikeka. Sasa Zawiya kaolewa kutoka mbali, Johor, hajui mambo ya nyumba ile, na adabu zimemjaa. Mkubwa akikupa kitu utamkatalia?

"Nimepokea, mama mdogo."

Mek Nab akacheka, akafa.

Basi Zawiya akawa anachana. Tumboni manyoya yalishikana mabonge, mabichi, yanateleza. Akakata bonge moja kwa mkasi. Likafunguka, ndani mna kucha za mtu, za manjano, na jino lenye wekundu wa tambuu. Zawiya akatapika palepale. Na yule paka, wallahi, akatoka karaini akayalamba yale matapishi taratibu, anamtazama.

Zawiya alikuwa na mwanawe mchanga, Suri, hata kukaa hajajua. Paka akampenda huyo. Ukimfukuza mlangoni, unamkuta kitandani, anamlamba utosi. Utosi ukawa upara, unang'aa mate. Na Zawiya alipomchana tena paka, kitana kikatoka na vinywele vyeusi laini, vinanukia mtoto.

Akakimbilia kwa mganga, Tok Semaun. "Tok, linanimalizia mwanangu!"

"Ulilipokea kwa mdomo, utalitoa kwa mdomo," mzee akanong'ona. "Lichane libaki ngozi, halafu ulikatae. Litakulilia. Ole wako ulionee huruma. Mimi nitalitia chupani, nikalitupe mtoni."

Wakarudi, mchana kweupe, Tok Semaun kashika chupa, Suri kafungwa mgongoni kwa mama yake, na Zawiya akachana, akachana, manyoya yanatoka mafungu kwa mafungu yenye usaha na mba na harufu ya kidonda cha siku nyingi, maji yamekuwa meusi yana utando wa mafuta, mpaka chini ya kitana hakuna tena paka, ipo ngozi ya bibi kizee, ya kijivu, imekunjana, ina vipele, inatetemeka, na matiti makavu mawili yanaelea majini.

"Mwanangu," ile ngozi ikasema. "Baridi."

"Sikutaki, mama mdogo! Sikupokei!"

Ikasinyaa, ikawa kama ngumi. Tok Semaun akainamisha chupa.

"Dada Teh," ikalia, kidogo tu. "Dada, baridi."

Mek Teh alikuwa kasimama mlangoni, machozi yanamtiririka.

"Funga mdomo, mama!" mganga akamkemea.

"Ni mdogo wangu, Tok. Nimemlea mgongoni huyu."

"Mek Teh!"

"Njoo, Nab. Njoo kwangu, nimekupokea."

Karai likabaki na maji tu. Tok Semaun akatazama chupa yake tupu, asijue la kuifanyia. Mek Teh akapangusa machozi, akakilamba kiganja kilicholowa, kidole kwa kidole, mpaka katikati ya kucha. Akanyoosha mikono.

"Zawiya mwanangu," akasema, sauti tamu kweli, "nipe mjukuu wangu nimpakate."

Zawiya tangu azaliwe hajawahi kumkatalia mkubwa aliye hai. Mate ya Mek Teh yanadondoka sakafuni, mtoto anacheka mgongoni.

"Hapana, mama."

Akashuka ngazi miguu mitupu, akaenda zake, mpaka kwao Johor. Mumewe alimfuata baadaye. Hakumuaga mamaye, Mek Teh.