Kanda Namba 112

Diski zote mbili zilikuwa zimetoweka, ile kuu na ile ya akiba. Ndani yake mlikuwa na sauti za wazee mia tatu wa mwambao wa ziwa, zilizokusanywa kwa miaka minne.

Inspekta Sabina Shigela alichuchumaa mbele ya kabati la maktaba hiyo ya Butimba. Kufuli lilikuwa zima. Mezani, kompyuta mpakato tatu hazikuguswa.

"Mwizi gani anaacha kompyuta?"

"Anayejua alichofuata, afande," alijibu Koplo Nurdin, akipuliza unga wa kutafutia alama za vidole.

Alexander, mkuu wa mradi, alikuwa anatokwa jasho. Maktaba ya kidijitali ilikuwa ifunguliwe mtandaoni Jumatatu.

"Kwa nini nakala ya akiba ilikaa kabati moja na diski kuu?" Sabina alimuuliza.

"Tulipanga kuihamisha."

"Lini?"

Alexander aligeuza macho kwenye kabati tupu.

"Funguo anazo nani?"

"Mimi na mkutubi wetu, Evelina. Mimi nimerudi leo kutoka Geita."

Sabina aliomba daftari la tahadhari, walimoandika mambo yanayoweza kuharibu mradi. Moto. Mvua. Umeme kukatika. Mstari wa saba ulimvuta: "Waliorekodiwa hawakuulizwa kama sauti zao ziwekwe hadharani. Kanda 112 isubiri." Pembeni, kwa wino mwekundu: "Hakuna muda."

"Wino mwekundu ni wako?"

"Ndiyo. Mstari ni wa Evelina."

Sabina alifungua orodha ya kanda. Namba 112: Mzee Nkwabi, Kiseke.

"Evelina ni binti wa nani?"

Alexander alitazama mlangoni. "Wa Nkwabi."

Evelina alikuwa chumba cha kusomea, akipanga vitabu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Dada Evelina, baba yako alisema nini kwenye ile kanda?"

Mikono yake ilisimama. "Hamjaisikia?"

"Bado. Ndiyo maana nauliza."

Alikaa chini taratibu.

"Mwaka tisini na moja ghala la pamba pale Kiseke liliungua. Jirani yetu, Mzee Pius, akafungwa miaka sita. Marehemu baba alimwambia mtafiti kwamba moto aliuwasha yeye. Niliisikia nilipokuwa naandika maelezo ya kanda."

"Ukazichukua diski ili kumficha baba yako?"

"Hapana. Niliomba wiki mbili, nimwambie Mzee Pius kwa mdomo wangu, asiisikie kwenye simu za watu. Nikanyimwa. Ziko nyumbani, kwenye sanduku la nguo. Sijafuta kitu."

"Mzee Pius yuko hai?"

"Yuko. Mpaka leo mtaani wanamwita Kiberiti."

Sabina alifunga daftari. "Wizi ni wizi. Maelezo utaandika kituoni. Kwanza tukachukue diski."

Gari liliposimama Kiseke, Evelina hakuelekea kwake. Alimtazama Sabina. Sabina akatikisa kichwa kukubali. Wakaenda wote hadi mlango wa jirani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na polisi?"

"Wamenisindikiza," alisema Evelina. "Nimekuja kukuambia nani alichoma ghala."