Kituo cha Kwanza Kilichopotea

Kila alasiri akitoka shuleni, Sunniva huvua viatu vyenye theluji mlangoni, kisha hutengeneza vipande viwili vya mkate na jibini ya kahawia, kimoja chake na kingine cha Mama. Lakini wiki ile kipande cha Mama kilikuwa kikikauka mezani bila kuguswa.

Mama yake, Torunn, alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta mjini Ålesund. Kwa miaka mingi aliandika kwa lugha moja tu ya kompyuta, Cobol, na aliimudu barabara. Sasa kampuni yao ilikuwa inahamia lugha nyingine, Python. Siku ya Ijumaa kila mmoja angeonyesha programu aliyoiandika kwa lugha hiyo na kuieleza mstari kwa mstari mbele ya wenzake. Atakayeweza angeingia timu mpya. Atakayeshindwa angehamishiwa kupokea simu za wateja wenye malalamiko.

"Mimi na simu!" Mama aliguna. "Nitagombana nao hata kahawa haijachemka."

Programu yake ilionyesha vituo vya kivuko. Ilikwenda vizuri, ila kituo cha kwanza, Gåsvika, hakikutokea hata mara moja. Sunniva, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amejifunza Python kidogo katika klabu ya kompyuta shuleni. Alichungulia begani mwa Mama, akaliona kosa papo hapo.

"Mama, niku—"

"Wee! Usithubutu. Nitalipata mwenyewe."

Jumatano Mama alipotoka kuondoa theluji mlangoni, Sunniva hakuweza kujizuia. Alisogea kwenye kompyuta, akabadilisha tarakimu moja tu. Gåsvika ikatokea! Moyo ulimruka kwa furaha. Amemwokoa Mama.

Mama aliporudi na kuijaribu programu, alipiga kelele. "Imetokea! Sunniva, njoo uone!" Akamshika mikono, wakacheza jikoni. Kisha akaketi, na uso wake ukabadilika.

"Lakini kwa nini? Mimi sijabadilisha kitu. Keshokutwa Halvard wa kazini ataniuliza, na yule akishauliza haachi. Nitamwambia nini? Kwamba imejiponya?"

Sunniva aliuweka mkate wake mezani. Angeweza kunyamaza. Alimtazama Mama akikuna kichwa, akashindwa.

"Ni mimi, Mama. Nilitaka usihamishiwe kwenye simu."

Mama alimsogezea kompyuta. "Irudishe ilivyokuwa."

"Mama! Ijumaa imekaribia!"

"Irudishe, mwanangu. Halafu keti hapa. Kazini, mtu akikwama, tuna bata wa mpira. Tunamweleza programu mstari kwa mstari. Hajibu wala hacheki, na mara nyingi mtu analigundua kosa akiwa bado anaeleza. Leo bata ni wewe."

"Hata kutikisa kichwa siruhusiwi?"

"Umewahi kuona bata wa mpira akitikisa kichwa?"

Sunniva akaketi wima, mdomo kaufunga. Mama akaeleza yote, akarudia tena. Alipofika pale penye kosa, Sunniva aliuma mdomo hadi ukamuuma.

"Hapa naita vituo kuanzia namba moja, yaani kile cha kwanza... Subiri." Mama aliinamia skrini. "Cobol inahesabu orodha kuanzia moja. Huku..." Akafungua kitabu chake cha Python, akapekua haraka. "Huku inaanzia sifuri! Cha kwanza ni namba sifuri! Kumbe nimebadilisha lugha, mazoea nimeyaacha yale yale!"

Hakuishia hapo. Alilisaka zoea hilo katika programu nzima, akalikuta limejificha kwenye saa za kuondoka pia: safari ya kwanza ya alfajiri ilikuwa inarukwa. Hilo hata Sunniva hakuwa ameliona.

Ijumaa shule ilifungwa kwa ajili ya mkutano wa walimu, kwa hiyo Sunniva aliketi nyuma katika chumba cha mkutano kazini kwa Mama. Halvard, mzee mwenye ndevu, alivua miwani.

"Torunn, mbona hapa unaanzia sifuri? Uzee umekusahaulisha kuhesabu?"

Watu walicheka. Mama alicheka pia, kisha akaeleza kwa utulivu jinsi kila lugha inavyohesabu, mahali alipokosea, na jinsi alivyopata kosa la pili. Halvard aliuliza tena, na tena. Kila swali likapata jibu.

"Basi," akasema hatimaye. "Sina swali."

Pale kazini, Halvard kukosa swali lilikuwa jambo la ajabu. Wote wakapiga meza kwa viganja, na mkuu wao akasema, "Karibu timu mpya, Torunn!"

Sunniva alimrukia Mama shingoni. Walipotoka nje, Mama alimfungia vizuri skafu.

"Najua ulibadilisha ile tarakimu kwa kunipenda," alisema. "Lakini ungenyamaza, leo ningesimama mbele ya Halvard bila jibu, na watu wa safari ya alfajiri wangeachwa gatini. Anayejifunza, awe mtoto au mama mtu mzima, msaidie aelewe, usimfanyie. Na siku ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema Jumatano. Ushindi huu ni wetu wote wawili."