Kamba Mara Tatu

Imrani si mtu wa kutunga mambo. Ni fundi kompyuta wa Nkende, na mwaka ule wa rashi ya dhahabu, watu walipofurika machimboni, alikuwa amechimba kidogo kabla ya kufungua kibanda chake.

Mchana mmoja mchimbaji aitwaye Nelson alimletea laptopu ya Linux, inawaka lakini kioo ni cheusi.

"Ya marehemu Maftah, yule aliyebaki duarani. Kamba ilikatika, mura. Ifungue, ina ramani ya mwamba wenye dhahabu."

Imrani alimfahamu Maftah. Walichimba duara moja, shimo refu la dhahabu la kushuka kwa kamba, ambako aliye chini akivuta kamba mara tatu, aliye juu anamtoa bila kuuliza.

Akabadilisha draiva ya skrini, akawasha upya, giza lile lile. Basi akafunga mlango na kumulika kioo kwa tochi, ubavuni, maana taa ya kioo ikifa, picha hubaki ndani, hafifu.

Picha ilikuwepo. Ni mdomo wa duara ulivyoonekana kutoka chini, na ukingoni ameinama mtu mwenye shati la mistari, anakata kamba kwa kisu.

Shati lile lile Nelson, aliyesimama nyuma yake, alikuwa amelivaa.

"Zima!" akafoka.

Imrani akazima tochi, kisha laptopu, akachomoa na betri. Gizani kitu kikakwaruza sakafu. Akamulika chini. Waya wa chaji ulikuwa umemzunguka Nelson kifundo cha mguu, na ncha yake ya pili imezama kwenye saruji isiyo na ufa.

Kisha ukavutwa kutoka chini, taratibu, mara tatu.