Mkono wa Kushoto wa Golikipa

Kila jioni, akishamkatia ng'ombe majani na kufagia banda, Vaileth alinawa mikono akaenda nyuma ya nyumba, penye goli la milingoti miwili ya mkaratusi. Baba yake, Aminieli Kaaya, alikuwa amekwisha kusimama hapo akimsubiri, suruali imekunjwa hadi magotini. Vaileth alimrushia mipira thelathini, kumi katikati, kumi kulia na kumi kushoto, na baba aliizuia. Mchezo wenyewe ni mpira wa mikono. Mpira wake ni mdogo kuliko ule wa miguu, lakini hurushwa kwa nguvu, ukikupata shavuni unasikia mlio kabla ya maumivu.

Baba alikuwa golikipa wa timu ya taifa. Mchana alihudumia miche ya parachichi kwenye kitalu kimoja pale Tengeru, jioni akafanya mazoezi. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na mwaka huo mashindano ya wanaume ya nchi sita yaliletwa Arusha mjini, si mbali na kwao.

"Ni mara yangu ya mwisho," alisema, "na Mungu ameniletea mlangoni."

Masika ilikuwa nzito. Wiki nzima Mlima Meru ulifichwa na mawingu, migomba ikainama, na nguo zilizoanikwa ukumbini zilinuka unyevu. Wiki tatu kabla ya mashindano, mazoezini, mpira ulimpata baba upande wa kulia wa kichwa. Alianguka, akainuka, akacheka, na wenzake wakacheka naye. Hakuna aliyelifikiria tena jambo lile.

Lakini Vaileth aliona mambo. Aliona kikombe cha chai kikimponyoka baba kutoka mkono wa kushoto. Alimwona akitapika nyuma ya banda, kisha akifukia kwa mguu kama paka. Na Jumanne, katika mipira kumi ya kushoto, saba ilipita.

"Baba, hiyo nimerusha polepole."

"Nimeiona."

"Mbona hukuizuia?"

Baba aliutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayetazama jembe la kuazima. "Mkono umechoka tu. Usimwambie mama yako."

"Na juzi ulitapika. Nilikuona."

Baba alikaa juu ya gogo, akamvuta karibu. "Sikiliza, Vaileth. Jumapili ulikuwepo. Mchungaji aliniita mbele nikiwa na jezi yangu, wazee wakaniwekea mikono, usharika mzima ukasimama kuniombea. Leo niwarudie niwaambie kichwa kinaniuma? Mashindano yakiisha nitakwenda hospitali. Hili liwe letu sisi wawili."

Vaileth aliitikia kwa kichwa. Aliogopa, ndiyo, lakini pembe moja ya moyo wake ilifurahi kupewa siri ya mtu mzima.

Kesho yake Kocha Ephraimu alifika nyumbani. Mama yake Vaileth, Tabea, alimmiminia chai, na baba akakaa kwenye kona.

"Shikamoo, kocha," Vaileth aliamkia.

"Marahaba, kocha mwenzangu. Wewe ndiye unayemrushia kila siku. Mimi namwona mzito mzito, yeye anasema ni mzima. Huku nyumbani vipi?"

Mama aliacha kumimina, akasubiri kusikia. Baba hakuinua macho.

"Anadaka yote," alisema Vaileth.

"Hata za kushoto?"

"Hata za kushoto."

"Afadhali," mama akashusha pumzi. "Nilikuwa nimeanza kuwaza."

Kocha alimshika Vaileth bega, akacheka, akaondoka mvuani. Usingizi haukumjia Vaileth upesi siku ile, wala siku iliyofuata. Kwa neno lake moja, watu wawili ambao wangeweza kumsaidia baba walikuwa wametulia.

Jumamosi darasa la sita, la akina Vaileth, walipelekwa kwenye ukumbi wa mashindano mjini kuangalia mchezo. Ukumbi ulikuwa umejaa, maji ya mvua yakipiga bati kiasi kwamba filimbi ilisikika kwa taabu. Blessing, rafiki yake wa dawati moja, alikuwa na karanga na maneno mengi.

"Baba yako akifungwa arobaini, Jumatatu usije shule."

"Kula karanga zako, Blessing."

Kipindi cha kwanza kilikwenda sare. Baba alizuia vizuri, maana wageni walirusha zaidi kulia. Kipindi cha pili wakagundua. Mpira wa kwanza wa kushoto ukapita, wa pili ukapita, wa tatu ukampita mkononi naye akauinua mkono baadaye, kama mtu anayempungia aliyekwisha kuondoka. Watu wakaanza kunung'unika. "Golikipa amelala," alisema mzee mmoja nyuma yao.

Kocha Ephraimu akaomba mchezo usimame kidogo ili aongee na vijana wake. Wachezaji wote wakaelekea kwenye benchi lao. Baba peke yake akakata uwanja, akaenda kuketi katikati ya wageni, akapokea chupa ya maji na kunywa. Ukumbi mzima ukacheka.

"Kahamia kwao," alisema Blessing huku akijifuta machozi ya kicheko. "Wamemsajili sasa hivi?"

Vaileth hakucheka, kwa sababu alimwona baba akigeuka huku na huku akitafuta wanachokicheka watu. Akasimama, akashuka ngazi. Mlinzi mwenye fulana ya njano akamzuia.

"Wanafunzi hawashuki huku."

"Nina neno kwa kocha."

"Subiri mchezo uishe."

"Ukiisha, baba yangu atakuwa amekufa."

Hakupaza sauti, na labda ndiyo sababu mlinzi alimpisha. Kocha alikuwa akimrudisha baba kwenye benchi, amemshika kiwiko.

"Kocha, Jumatano nilikudanganya. Za kushoto hadaki. Anatapika, anadondosha vikombe, tangu alipopigwa kichwani."

"Mtoto anaogopa tu," alisema baba. "Vaileth, mwambie kocha unaogopa tu."

Vaileth alitikisa kichwa. Daktari wa mashindano, mama mmoja mrefu aitwaye Hedwiga, alikuwa ameyasikia yote. Akaja mbele ya baba.

"Kaka, ninyooshee mikono yote miwili mbele, viganja juu. Sasa fumba macho."

Baba alifanya hivyo, akitabasamu kwa kuonyesha kwamba ni mchezo. Mkono wa kulia ulibaki ulipo. Wa kushoto ukaanza kushuka, taratibu, peke yake, mpaka ukafika pajani.

"Fumbua."

Baba akafumbua macho, akaona. Tabasamu likafutika. Kocha Ephraimu akamwita golikipa wa akiba, kijana wa miaka kumi na tisa, na mchezo ukaisha wageni wakiwa mbele kwa mabao manne.

Siku hiyohiyo gari la wagonjwa lilimpeleka baba hospitali ya rufaa Moshi. Picha ya kichwa ilionyesha damu iliyovilia ndani ya fuvu, inabana ubongo. Wakamtoboa fuvu wakaitoa. Daktari alimwambia mama bila kuzunguka: mpira mmoja tu mwingine kichwani ungemmaliza.

Timu ikashika nafasi ya tano. Sokoni Tengeru mwanamke mmoja alimwambia mama, huku akichagua ndizi, "Binti yako angevumilia siku nne tu." Mama akamfungia ndizi zake. Kanisani watu walimsalimia Vaileth kwa ncha za vidole. Blessing alihamia dawati jingine, kisha baada ya wiki akarudi, hakusema kwa nini.

Baba alirudi nyumbani amenyolewa, kitambaa kichwani. Hakuongea. Alikaa barazani akiitazama mvua, mkono wa kushoto umelala mapajani. Siku ya nne Vaileth alimpelekea uji, akashindwa kuondoka.

"Baba, umeninunia?"

"Nilinuna," alisema baba. "Mpaka jana." Alikunywa kidogo. "Mkono huu, daktari amesema, ungepona wote kama ningewahi. Sasa utapona nusu. Golini sirudi."

"Laiti ningesema Jumatano."

"Labda leo ningekushika kwa mikono miwili. Sikufichi, kosa lako lipo. Lakini uliulizwa wewe kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kudanganya. Nilichukua uongo wangu nikaufunga mgongoni kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa niliona haya mbele ya watu. Watu wenyewe waliniombea uzima na ushindi. Hawakuniomba nife."

Vaileth alilia, na baba akamwacha alie.

"Usingeshuka zile ngazi," alisema baadaye, "mama yako angekuwa amekwisha kunizika. Kwa hiyo shika hili. Mtu akikuambia umfichie ugonjwa, hata awe baba yako, nenda ukamwambie mkubwa mwingine siku hiyohiyo. Usingoje kesho. Atakununia. Mwache anune. Anayenuna yu hai."